Dumu la Mawese

Simu ya mume wangu ilifia ndani ya pipa la muhogo, Kasulu, Mei 2022. Muhogo ulikuwa siku ya tatu majini, siku ambayo harufu hutangulia kupiga hodi kwa jirani. Nilimwomba anisaidie kuuopoa tuuanike jua likiwa bado lipo. Akainama, mkono mmoja majini, wa pili umeshika simu, macho kwenye kioo. Nikasikia chubwi.

"Ni simu tu, baba watoto. Tutanunua nyingine."

"Mwalimu," akasema kwa sauti ya msibani, "humo mna mtaji."

Mtaji upi? Mimi nilijua mtaji wetu ni maharage, yamelala stoo kwa mama yake Kibondo yakingoja bei. Kumbe stoo ilikuwa na magunia mawili na panya. Shilingi 1,500,000 za kununulia mengine alikuwa amezigeuza Bitcoin tangu Novemba 2021, mwezi ambao sarafu moja ilikaribia dola 69,000. Zikampatia sehemu moja ya mia ya sarafu. Nafundisha hisabati darasa la sita. Desimali hiyo nimeiandika ubaoni miaka yote bila kuionea uchungu.

Nilipomuuliza nani kamtuma, akamtaja Rais. Ni kweli, Juni 2021 Rais Samia akiwa Mwanza aliitaka Benki Kuu ijiandae na mambo ya sarafu hizi, isije ikapitwa. Lakini Novemba 2019 Benki Kuu hiyohiyo ilikuwa imetangaza kwamba fedha halali nchini ni shilingi, na watu wajihadhari na sarafu za mtandaoni. Redio yetu ni moja. Sikio lake la pili lilikuwa limelala.

Wiki ile ya pipa kulikuwa na sababu ya kukodolea kioo. TerraUSD, sarafu iliyojinadi kwamba itasimama dola moja daima, ilianguka chini ya nusu dola ndani ya siku chache, ikaburuza na wenzake. Yeye Terra hakuwa nayo, ila jirani akiungua, moshi unakufikia.

Usiku, simu ikiwa imezikwa kwenye debe la mchele, akanipa tumaini. "Hela haiko kwenye simu. Kuna maneno 12 ya Kiingereza. Ukiyaingiza kwenye simu yoyote, kwa mpangilio wake, pochi inafunguka."

"Yako wapi?"

"Niliyaandika nyuma ya andalio lako la somo la zamani. Nani ataiba andalio la somo?"

Kuiba, hakuna. Ila mama mkwe alipokuja Krismasi aliomba madaftari ya zamani ya kufungia dagaa na chumvi sokoni, nami nikampa yote, nikamfungia na kamba.

Wanaotuonya kuhusu sarafu hizi hutuonya juu ya bei na matapeli, na wana haki. Waliopanda mbegu kwenye upatu wa DECI mpaka serikali ilipoufunga 2009 bado wapo. Kuhusu mahali pa kuweka karatasi, hakuna aliyetuambia neno.

Jumamosi tukapanda basi la Kibondo. Barabara ilikuwa bado inajengwa, vumbi jekundu likiingia hata madirisha yakifungwa. Tangu Makere mpaka daraja la Malagarasi nilikuwa napiga hesabu: kurasa ngapi kwa daftari, vifurushi vingapi vya dagaa kwa siku, siku ngapi tangu Krismasi. Jibu lilitoka baya. Sikumwambia. Alikuwa ameshika kiti cha mbele kama anaendesha yeye.

"Mwakeye," mama mkwe akatupokea, kisha akatutazama viatu. "Nani kafa?"

Madaftari yalikuwa yamebaki kidogo. Mengine yameenda na dagaa, mengine yametundikwa kwenye msumari chooni, na ni huko nilikomwona mume wangu, mtu wa heshima zake, amechuchumaa akisoma andalio la sehemu rahisi, ukurasa kwa ukurasa, huku majirani wakisubiri zamu. Ukurasa wenyewe niliuona mimi, gengeni. Ulikuwa umekunjwa mara nne chini ya dumu la mawese, lisichafue ubao.

Karatasi ilikuwa imelewa mafuta, rangi ya chungwa, unaona kidole chako upande wa pili. Na wino wa kalamu, kumbe, huyeyuka kwenye mafuta. Maneno 11 yalisomeka kwa shida. La saba lilibakiza herufi mbili, s na a, kisha doa.

Kijana fundi simu wa jirani akanyoosha mkono: "Nipeni niyaingize mimi, dakika mbili." Mume wangu akataka kumpa! Mama mkwe akaichomeka ile karatasi kifuani. Kusoma hajui, lakini akasema, "Kitu kilichompeleka mwanangu kupekua choo hakishikwi na kila mtu."

Hajui alivyotuokoa. Anayeyapata maneno yale ndiye mwenye hela, na hakuna benki ya kupigia simu.

Simu mpya ilingoja mshahara wangu. Huku nyuma nikajifunza kwamba maneno hayo hayabuniwi ovyo: yanatoka kwenye orodha moja ya maneno 2,048, na herufi nne za mwanzo zinatosha kulitofautisha kila neno. Mimi nilikuwa na mbili. Nikaandika yote yanayoanza na sa, nikayajaribu moja moja usiku, watoto wamelala. Uzuri ni kwamba neno la mwisho limebeba ndani yake hesabu ya kuhakiki yaliyotangulia, hivyo makosa mengi programu huyakataa palepale, kama mwanafunzi aliyesahau kubeba moja. Yaliyokubalika yalikuwa mawili: la kwanza lilifungua pochi tupu, la pili, yetu. Naweza kulitaja sasa, maana pochi hiyo tulishaihama. Lilikuwa neno la Kiingereza la chumvi.

Ilikuwa tarehe 18 Juni 2022, Bitcoin imeshuka chini ya dola 20,000. Milioni na nusu yetu haikufika laki tano. Mume wangu akacheka, kisha akatoka nje.

Tuliuza nusu ikawa ada. Nusu nikamwachia, kwa kuwa hata ikipotea tutakula. Mtaji wa maharage nikauhamishia kwangu. Desemba 2024 Bitcoin ilipovuka dola 100,000 alinikumbusha nusu niliyouza mara tatu kabla ya chai. Nikamkumbusha stoo ya panya mara moja.

Kwa kuwa karatasi ile ilishakaa sokoni, tulifungua pochi mpya yenye maneno mapya, nakala mbili: moja Kasulu, moja Kibondo kwenye sanduku la mama mkwe, ndani ya nailoni. Tukadhani tumemaliza.

Juni 2023 Burundi ikatangaza kwamba noti za faranga 5,000 na 10,000 za toleo la 2018 zirudishwe benki ndani ya siku kumi, basi. Mama mkwe huuza dagaa Mabamba, karibu na mpaka, na faranga zake alizificha chini ya maharage. Siku ya nne ndiyo akapata habari. Mume wangu akaacha kila kitu akaenda naye kutafuta wa kuzichukua; waliozichukua walizichukua kwa bei ya kumhurumia mtu. Njiani kurudi hakumcheka mama yake hata kidogo, na namsifu kwa hilo.

Tangu hapo mama mkwe hana imani na karatasi yoyote. Mwaka jana nilimtembelea gengeni, nikamkuta anapima dagaa huku anaimba, wateja wanaitikia. Wimbo mtamu, maneno ya Kiingereza. Nikahesabu: 12, kwa mpangilio.

"Mjukuu wangu kanifundisha," akasema. "Mawese hayawezi kuyafika huku," akajigonga paji la uso.

Jioni ile ile tukaihama pochi tena.