Kutafuta Malazi Guanajuato

Mtu achaguaye hoteli katika mji uliojengwa juu ya ardhi tambarare hahitaji ila pesa mkobani na ramani mkononi. Walakini mji wa Guanajuato, katikati ya nchi ya Meksiko, haukujengwa juu ya ardhi ya namna hiyo. Umejibana ndani ya korongo, kimo cha takriban mita 2,000 juu ya bahari, mahali ambapo hapana mwenye akili timamu angaliweka mji lau chini yake pasingalikuwa na madini ya fedha. Na kwa kuwa madini hayo yalikuwapo, tena kwa wingi hata mgodi mmoja tu wa La Valenciana ulitajika katika karne ya 18 miongoni mwa migodi mikuu ya ulimwengu, watu walijenga nyumba moja juu ya kichwa cha nyingine, wakazipaka waridi, samawati na manjano, wakaacha baina yao vichochoro ambamo watu wawili wanene hawapishani pasipo kuombana radhi. Sarafu za fedha ya Meksiko zilifika hata bandari zetu za Bahari ya Hindi, na babu zetu walizipokea kwa furaha. Basi naweza kudai kwamba nilikwenda kutazama zilikotoka.

Tulikwenda watu watatu: mimi, mke wangu, na ndugu yake mdogo akaaye Houston, ambaye kwa sababu ya kukaa miaka mingi katika jimbo lipakanalo na Meksiko alihesabiwa na dada yake kuwa mjuzi wa mambo yote ya nchi ile. Shauri lake la kwanza lilikuwa twende Oktoba, asijue kwamba ndio mwezi wa tamasha kubwa la Cervantino, lililoanzishwa mwaka 1972 kwa heshima ya Miguel de Cervantes, mwandishi wa Hispania, mtu ambaye hakupata kuvuka bahari kwenda Amerika na kwa hiyo aliepukana na taabu ya kutafuta kitanda Guanajuato wakati wa tamasha lake. Vitanda vyote vilikuwa vimekwisha kukodiwa. Tukaahirisha hata Januari, mwezi wa baridi, na shemeji akatufunulia ramani katika simu yake, akaweka kidole juu ya bustani ya Jardín de la Unión, akanena kwa fahari, “Shemeji, hii iko karibu na kila kitu.” Maneno yake yalikuwa kweli tupu, yaliyosazwa ni kwamba kila kitu nacho kilikuwa karibu nasi.

Hata kufika penyewe kulikuwa na ajabu yake. Zamani mto ulipita katikati ya mji, nao una historia mbaya ya mafuriko, ya mwaka 1905 yakiwa miongoni mwa yaliyoleta msiba mkubwa kupita kiasi. Hatimaye maji yakaondoshwa, na mkondo mtupu ukafanywa njia ya magari, ikaungana na mahandaki mengine yaliyochimbwa katika mwamba, hata leo watu hutembea juu na magari hupita chini yao. Sisi hatukuwa na habari. Dereva wa teksi alituingiza katika handaki, akapinda, akaingia jingine, akasimama gizani kando ya ngazi ya mawe, akashusha mizigo yetu yote, akaelekeza kidole dari ya handaki, akaenda zake. Shemeji alitazama simu. Simu ilisema tumekwisha kuwasili. Mke wangu, aliyeona upande mmoja ukuta wenye kutona maji na upande wa pili basi likija kwa kishindo, aliuliza kwa upole mwingi, upole ambao mimi mume wake naujua na kuuogopa, “Mdogo wangu, chumba chetu ndicho hiki?”

Chumba chenyewe kilikuwa kizuri, tena kina roshani iliyoelekea ukumbi wa Teatro Juárez, uliofunguliwa na Rais Porfirio Díaz mwaka 1903. Juu ya paa lake husimama masanamu ya mabinti wa Kiyunani walinzi wa sanaa, ambao kwa desturi ni tisa, lakini pale wapo wanane. Usiku wa kwanza nilifahamu sababu: wa tisa alikwenda kutafuta mahali pa kulala. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha mji ule wana mila, tangu miaka ya 1960, ya kuvaa mavazi meusi ya wanafunzi wa Hispania ya kale, pamoja na joho na tepe za rangi, na kukusanyika na magita na matari katika ngazi za kanisa la San Diego, jirani ya ukumbi ule, ili wawaongoze wageni kwa nyimbo na dhihaka vichochoroni, hata Kichochoro cha Busu, ambapo roshani mbili zinazokabiliana hazikuachana hata mita moja. Kundi moja likiisha kuondoka, jingine huanza. Na kundi hilo likinyamaza ili livute pumzi, wapiga tarumbeta wa mariachi bustanini huiziba nafasi hiyo kwa ukarimu. Saa mbili za usiku mke wangu alisimama roshanini akisifu sauti zao. Saa nne alikuwa ameketi kitandani hasifu. Saa sita alinigeukia akaniuliza, “Baba Salma, vijana hawa hawana mitihani?”

Asubuhi nilimwendea karani wa mapokezi, mtu mwungwana mwenye masharubu yaliyochanwa vema, nikamweleza kwa msaada wa shemeji kwamba nyimbo huingia chumbani. Karani alifurahi sana. Alitoa hati ya malipo, akatuonyesha kwamba tumetozwa zaidi kwa ajili hiyo hiyo.

Tukahamia hoteli ya pili, ambayo katika ramani ilikuwa upana wa kidole kutoka ile ya kwanza, na ambayo sifa yake kuu ilikuwa kimya. Ramani, maskini, haijui kupanda. Kidole kile kilikuwa ngazi juu ya ngazi kuelekea kilima asimamapo El Pípila, sanamu kubwa ya mchimba madini ambaye, katika vita vya kudai uhuru, husimuliwa kuwa alijifunga bamba la jiwe mgongoni ili kujikinga na risasi, akaenda kuuchoma moto mlango wa ghala ya nafaka ya Alhóndiga de Granaditas. Wenyeji humheshimu kwa ushujaa. Mimi, nikiwa na sanduku la mke wangu mgongoni kwa kuwa magurudumu yake hayakufaa kitu, nilimheshimu kwa uchukuzi. Pumzi za sisi watu wa pwani hazikuumbwa kwa kimo kile. Vikongwe walitupita wakipanda na vikapu vya sokoni, wakitusalimu kwa adabu bila kutweta, jambo lililoniudhi kuliko ngazi zenyewe. Tulipofika tuligundua kwamba korongo ni chombo cha kukuza sauti, na kwamba nyimbo za bustanini hupanda kilima pasipo kuchoka. Na zilipokoma walizipokea mbwa walindao nyumba kutoka juu ya mapaa, kisha majogoo, kisha kengele za makanisa, na kabla ya alfajiri fataki za sikukuu ya mtakatifu fulani. Ikiwa jambo moja lilikuwa kimya katika hoteli ile, ni mabomba ya maji ya moto. Nilitia udhu kwa maji ambayo nusura yawe barafu.

Shemeji sasa akaanza kuhubiri kuta nene. Nikamkumbusha habari ya Riaño, liwali wa Mfalme wa Hispania, ambaye mwezi Septemba 1810 alisikia kwamba jeshi la waasi wa padri Hidalgo laja, akachagua ghala ile ile ya Alhóndiga kuwa malazi yake na ya matajiri wa mji kwa sababu ya unene wa kuta zake. Kuta hazikuwa na kosa. Mlango ndio ulioungua, na liwali mwenyewe aliuawa siku ile.

Hata hivyo tulihamia nyumba ya kale yenye kuta za namna hiyo, ambayo vyumba vyake huzunguka ua wa ndani wenye chemchemi na vyungu vya maua. Mke wangu, mzaliwa wa Lamu, aliutazama ua ule akatikisa kichwa kwa ridhaa, maana hakuhitaji mtu kumfundisha faida ya nyumba iipayo njia mgongo. Chumba chetu hakikuwa na dirisha hata moja. Humo nililala usingizi ambao sijaulala tangu kuoa, na hukumu yangu, ambayo sitaki ipingwe, ni kwamba chumba kilicho bora Guanajuato ni kile kisichoona Guanajuato. Mke wangu aliipinga papo hapo, akasema kwamba giza liko tele Lamu wala halihitaji nauli ya ndege. Shemeji naye alikesha uani amejitanda blanketi, kwa kuwa mawimbi ya intaneti yalishindwa na kuta kama walivyoshindwa waasi kabla ya kufika El Pípila.

Mwenye nyumba alidai ujira kila asubuhi kabla ya kifungua kinywa, nasi tuliona ni inda, hata tulipokwenda katika Makumbusho ya Maiti kando ya makaburi ya Santa Paula. Huko tulielezwa kwamba zamani marehemu ambaye jamaa zake hawakulipa ada ya kaburi aliondolewa alimolazwa, ndipo wengine wakaonekana wamekauka bila kuoza, wa kwanza akiwa tabibu wa Kifaransa, Remigio Leroy, aliyetolewa mwaka 1865. Mke wangu aliwatazama wapangaji wale mmoja mmoja, midomo wazi. Tuliporudi alilipa siku zote zilizosalia, wala hakuomba kupunguziwa.

Siku ya kuondoka shemeji alitutangazia kwamba amekwisha kukodi vyumba Zacatecas, mji mwingine wa madini ya fedha, ulio juu zaidi ya ule kwa mita mia kadhaa, tena karibu na kila kitu.

“Huko nako wanaimba usiku?” akauliza dada yake.

Shemeji akamtafsiria mwenye nyumba swali hilo. La, akajibu yule bwana kwa furaha, huko hakuna magita. Huko watu huzunguka mitaani nyuma ya ngoma kubwa na tarumbeta, na punda aliyebeba vinywaji.

Mke wangu alifikiri kidogo, akayatazama masanduku, kisha akanitazama mimi.

“Huyo punda,” akasema, “muulize huchukua mzigo wa kilo ngapi.”