Jinsi ya Kuiua Akaunti ya Zamani Bila Kuaibika

Una akaunti ya benki usiyoitumia. Uliifungua biashara ilipokuwa bado meza moja Mtaa wa Congo, Kariakoo, au bosi wako wa kwanza alitaka mshahara upitie huko. Siku hizi fedha zako zote ziko kwenye simu, ila ile akaunti ipo, inakatwa makato polepole. Kila mwaka unasema utaifunga, na kila mwaka huendi. Najua kinachokuzuia. Hutaki jirani yako wa duka akuone umekaa kwenye foleni kwa ajili ya shilingi 6,000. Sogea hapa nikuoneshe njia.

1. Itafute ilipo. Benki zetu zimehama sana. NBC iligawanywa mwaka 1997 na matawi mengi yakawa ya NMB, hivyo mtu aliyefungua huku alijikuta mteja wa kule. Twiga Bancorp iliingia Benki ya Posta mwaka 2018, na Benki ya Posta yenyewe sasa inaitwa Tanzania Commercial Bank. Wateja wa Bank M walihamishiwa Benki ya Azania. Piga simu kabla ya kutoka nyumbani. Kupanga foleni kwenye benki isiyo yako kunachosha, na mlinzi atakukumbuka.

2. Chagua siku. Epuka mwisho wa mwezi. Epuka Jumatatu asubuhi, wenye maduka wa mitaa ya Msimbazi na Uhuru wanapoleta mauzo ya wikiendi kwenye mifuko. Nenda katikati ya wiki, mlango ukifunguliwa tu. Piga pasi shati. Anza kwa kumsalimia mlinzi kwa heshima, maana yeye ndiye anayejua dawati lipi leo lina mtu na lipi lina koti limetundikwa kwenye kiti.

3. Kuwa na sababu isiyo na mjadala. Ukilalamikia makato, utaelezwa kuhusu akaunti mpya isiyo na makato, na utatoka mlangoni ukiwa na akaunti mbili. Ukitaja benki nyingine, ataitwa meneja aje akubembeleze, na wewe ni binadamu, ukibembelezwa na meneja utalegea. Sema hivi: "Dada, naunganisha akaunti zangu ziwe moja." Kisha nyamaza.

4. Jiandae kwa sahihi. Hapa ndipo wengi wanapokwama. Ile siku ya kufungua akaunti ulikuwa kijana mwenye mipango. Uliweka sahihi yenye kichwa, mkia, duara katikati na mistari miwili chini, kama ya waziri. Leo unasaini risiti kutwa nzima, na sahihi imebaki mkwaruzo. Mhudumu ataangalia karatasi, ataangalia skrini, atainua macho na kusema, "Hii haifanani." Hakudharau. Anaogopa kumlipa mtu asiye mwenyewe, na angekulinda hivyo hivyo kama mwizi ndiye angekaa kwenye hicho kiti.

Kwa hiyo fanya mazoezi nyumbani. Tafuta mkataba wa zamani wa fremu, leseni, cheki iliyobaki, chochote ulichosaini miaka ile, ukiige mpaka mkono ukumbuke. Unaiga sahihi yako mwenyewe, hujamwibia mtu. Ukishindwa, omba fomu ya kubadilisha sahihi hapo hapo. Beba kitambulisho cha NIDA, picha ndogo, kadi ya ATM hata kama imekatika, na toa kopi kabisa kwenye steshenari ya nje. Kama NIDA ina majina matatu na akaunti ina mawili, pitia kwa wakili uchukue hati ya kiapo kabla hujaulizwa.

5. Usishtuke ukiambiwa akaunti imelala. Ndiyo, watataka uiamshe kwanza ndipo uifunge, na kuiamsha kunaweza kudai uweke fedha kidogo. Inaudhi, nakubali. Ila ukigomba utarudishwa kesho. Omba fomu zote mbili, ya kuamsha na ya kufunga, ujaze kwa mpigo mmoja. Omba pia taarifa ya akaunti inayoonesha kila kilichokatwa. Halafu muulize mhudumu: "Ungekuwa wewe, ungefanyaje?" Hakuna anayechukia kuulizwa kama mtaalamu. Mara nyingi atakumbuka njia ambayo dakika mbili zilizopita haikuwepo.

6. Akikataa kabisa, uliza kwa sauti ya chini fomu ya malalamiko inapatikana wapi. Usipige meza. Kanuni za Benki Kuu za mwaka 2019 za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha zinakupa haki ya kulalamika. Unaanza kwa benki yako, kwa maandishi, nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Wasipokujibu vizuri, Benki Kuu ina dawati la malalamiko, na ofisi zake za Mtaa wa Mirambo haziko mbali na Kariakoo. Mteja mpole mwenye karatasi yenye muhuri hushughulikiwa haraka.

7. Usikubali "tayari, bosi." Dai barua ya kufungwa kwa akaunti, yenye muhuri na tarehe. Ipige picha kabla hujafika kituo cha mwendokasi. Akaunti iliyofungwa kwa mdomo huendelea kula makato.

8. Na kama hutaki kabisa kwenda, shindwa kwa akili: toa chote kinachotoka, kisha mwambie mwenzi wako kwamba akaunti ipo na ipo wapi. Usiiache kimya. Salio lililotelekezwa miaka mingi sheria inalipeleka Benki Kuu. Na ukifa kabla ya hapo, wanao watatafuta cheti cha kifo, muhtasari wa kikao cha ukoo na barua ya mahakama ya mwanzo ya kumteua msimamizi wa mirathi. Nauli za kufuatilia hayo yote, daladala kwa daladala, zitazidi zile shilingi 6,000 ulizoona aibu kuzifuata.