Mtoto Kasema "Borrow Me", Mnacheka Nini?

Aa, hapana! Hili la kumcheka mtoto kwa sababu kasema "borrow me your pen" silikubali, na leo nitalisema mpaka kahawa ipoe. Mtoto kamaliza darasa la saba katika shule ya serikali, masomo kwa Kiswahili, kaingia kidato cha kwanza na kukuta masomo karibu yote yamegeuka Kiingereza. Wino umemwishia katikati ya kipindi. Kamgeukia jirani yake wa dawati, kaomba kwa adabu, tena kwa Kiingereza kama alivyoamriwa. Darasa zima likaangua kicheko na mwalimu naye akacheka. Jamani! Kesho huyo atafungua mdomo?

Tumsikilize kwanza kasema nini. Hapa kijiweni mtu akitaka kalamu anasema "niazime kalamu". Akishapewa anasema "nimeazima kalamu kwa Juma". Kitenzi ni kilekile, kinamtosha anayetoa na kinamtosha anayepokea. Kinachotuonyesha kalamu inakwenda kwa nani ni ile "ni" ya "niazime" na ile "kwa" ya "kwa Juma". Sasa mtoto kaambiwa borrow ni kuazima. Kaichukua "niazime", kaipeleka Kiingereza kipande kwa kipande, ikatoka "borrow me". Hajakurupuka. Kafuata sarufi anayoijua tangu kwa mama yake. Wajerumani nao wana neno lao, leihen, linalotumika pande zote mbili vilevile, na wakijifunza Kiingereza wengi wanajikwaa palepale. Mbona hatusemi Wajerumani vichwa vizito?

Kiingereza kimegawa kazi hiyo kwa maneno mawili. Borrow ni ya anayepokea, lend ni ya anayetoa. "Can I borrow your pen?" mtendaji ni mimi niliyeishiwa wino. "Can you lend me your pen?" mtendaji ni wewe mwenye kalamu. Borrow inataka from, yaani kitu kimetoka kwa nani. Lend inataka to, au imtaje mpokeaji papo hapo: lend me, lend her. Na lend ikipita jana inakuwa lent.

Hapa sasa ndipo ninaposonya. Mwalimu anaandika ubaoni: borrow, kuazima. Chini yake: lend, kuazima. Halafu wanafunzi wakichanganya anashika fimbo! Na Kiswahili hichohicho kina jozi iliyonyooka, kopa na kopesha. Mtoto wa miaka saba anayetumwa dukani kwa Mangi akachukue sukari hawezi kukwambia kwamba mama yake ndiye aliyekopesha. Anajua mama anakopa na Mangi anakopesha, na anajua Mangi akinuna ni kwa nini. Anza naye hapo. Borrow ikae na kopa, lend ikae na kopesha, akili ishike upande kwanza.

Kisha umweleze jambo moja ambalo walimu wengi hawaligusi. Sisi tunatenganisha. Kalamu unaiazima kwa sababu utarudisha kalamu ileile. Sukari unaikopa kwa sababu ile imeshanyweka kwenye chai, utalipa nyingine au utalipa hela. Mwingereza hana habari na tofauti hiyo. Kitabu cha maktaba, baiskeli, sukari, shilingi milioni, vyote anaviweka kwenye borrow kwa mpokeaji na lend kwa mtoaji. Ukimweleza mtoto hivyo anatulia, kwa sababu sasa anaona Kiingereza kinauliza swali tofauti na lile lugha yake inalouliza.

Na tafadhali, borrow na lend msiyafundishe yote mawili siku moja. Paul Nation, mtaalamu wa New Zealand aliyetumia maisha yake kuchunguza namna watu wanavyojifunza msamiati, aliandika mwaka 2000 kuonya kwamba maneno yenye maana za karibu au zinazopingana, yakifundishwa pamoja, huingiliana kichwani na kumchelewesha mwanafunzi. Ukiyakuta borrow na lend yamepangwa ubavu kwa ubavu kwenye zoezi la jaza nafasi, ujue ndipo mkanganyiko unapopandwa. Wiki hizi mtoto aishi na "Can I borrow" peke yake: rula, kifutio, bikari, vitu halisi vinavyohama mkono kwenye dawati la watu watatu. Isemwe mpaka itoke bila kufikiri. Lend ije baadaye, mwezi ujao hata, ikute mwenzake kakaa imara.

Wakishafika hapo, wape Mabepari wa Venisi. Mwalimu Nyerere alikwishatuletea kwa Kiswahili mwaka 1969 mchezo huo wa Shakespeare, na kisa chake chote kinaning'inia kwenye mkopo. Bassanio anataka fedha za kwenda kuposa. Antonio hana fedha taslimu mkononi, anakwenda kwa Shylock kuchukua dukati 3,000 kwa miezi mitatu, na dhamana ni ratili ya nyama ya mwili wake. Waulize: who borrows, who lends? Antonio yuko upande upi kwa Shylock, na upande upi kwa rafiki yake? Mtoto akijibu hilo kwa Kiingereza chake, hata kama kinayumba, huyo kaelewa.

Tena msidhani ni mambo ya darasani tu. Kijana anakwenda kuchukua mkopo wa bodaboda, karatasi inakuja kwa Kiingereza, juu imeandikwa Lender na Borrower, na chini kila mmoja ana mistari yake ya wajibu. Anayeyachanganya anaweza kusaini mzigo wa mwenzake akidhani ni haki yake. Mikopo ya kausha damu tunaijua hapa, sina haja ya kuwahadithia.

Linaloniuma zaidi ni vile vibao vya "Speak English Only". Marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o aliandika mwaka 1986, katika Decolonising the Mind, jinsi mtoto wa shule Kenya ya ukoloni alivyochapwa au kuvalishwa kipande cha bati shingoni kwa kukutwa akisema Kikuyu. Zama zile zimepita, lakini bado kuna shule ambako mwalimu wa Kiingereza anaogopa kutamka neno moja la Kiswahili kipindini, wakati neno hilo moja lingemwokolea wiki nzima. Wakuu wa shule, mwacheni mwalimu wenu aandike kopa na kopesha ubaoni bila kuchungulia mlangoni.