Mwongozo wa Mgeni Anayetaka Kumwambia Mama wa Masisi Kwamba Mtoto Wake Amenenepa Mno

Umefika Goma, mashariki mwa Kongo. Umevaa koti lenye mifuko mingi, na begini una chati za Shirika la Afya Duniani za mwaka 2006. Chati hizo zinasema mtoto wa chini ya miaka mitano akipita alama ya +2 ya uzito kwa urefu, uzito wake umezidi. Sasa unapanda kwenda Masisi, kisha utashuka kwenye msitu wa Walikale, uwaeleze akina mama habari hiyo. Kabla hujafungua kinywa, soma haya.

1. Usitoe pole. Mama akifungua kitenge na kukuonyesha mtoto mwenye mikunjo mapajani, hajaja kuomba ushauri. Amekuja kuonyesha kazi yake. Mikunjo ile ni maharage na viazi vya Masisi, ni mawese ya Walikale, ni maziwa ambayo safari hii hayakuteremshwa yote mjini Sake kwenda kuuzwa Goma. Wewe unatakiwa kusema "Hongera, mama," basi. Ukitamka neno "hatari", nyanya wa mtoto atakuuliza: "Mutoto ya mutu anakula, wewe njo unamuhesabia?"

2. Unene ni akiba. Januari 2025 vita vilifika Masisi-Centre, na Machi vikafika mji wa Walikale. Anayekimbia hubeba sufuria, godoro na mtoto, shamba halibebeki. Mtoto mnene anaianza safari akiwa na kitu mwilini, mwembamba anaianza na deni. Mama aliyekimbia mara mbili hana muda wa hotuba yako juu ya kisukari kitakachokuja baada ya miaka arobaini.

3. Usimsifu mtoto kabla ya kumtazama miguu. Hapa ndipo wageni huumbuka. Kuna unene mmoja ambao akina mama wa huku wanauogopa kuliko wembamba: bwaki. Mashavu yanajaa, miguu inafura, mizani inapanda, kumbe ni maji. Daktari Cicely Williams aliuandika ugonjwa huu mwaka 1933 huko Gold Coast, Ghana ya leo, na vitabuni unaitwa kwashiorkor. Muuguzi hubonyeza miguu yote miwili kwa dole gumba, sekunde tatu. Vishimo vikibaki, jibu limepatikana. Nyanya naye anatazama nywele zilizogeuka nyekundu na ngozi inayobambuka, halafu anatazama jambo lisilo na safu kwenye chati yako: mtoto mnene anacheka, mtoto wa bwaki amenuna.

4. Usiringe na utepe. Utepe wa kupimia mkono una rangi tatu: nyekundu chini ya milimita 115, njano mpaka 125, kijani kuanzia hapo. Mtoto wa bwaki anaweza kuonyesha kijani, maana utepe haujui habari za miguu. Ukitangaza "huyu mzima" kwa sababu ya kijani, mama ataitika kwa heshima, "Aksanti, muganga," kisha atamtafuta mtu anayejua.

5. Eleza tiba mapema. Mtoto wa bwaki akianza kutibiwa, maji hutoka na kilo hushuka. Hiyo ni dalili njema, lakini mama asipoambiwa atapiga hesabu yake: nilileta mtoto mnene, wananirudishia mifupa. Atamfunga mgongoni aende zake, na kosa litakuwa la aliyekaa kimya. Baadaye zinakuja pakiti za Plumpy'Nut, gramu 92 kila moja, kilokalori 500: karanga, maziwa, sukari, mafuta. Kwa maneno mengine, umetoka mbali na mzigo wa dawa ya kunenepesha, na katika mzigo huohuo umefunga hotuba ya kukataza unene. Chagua kimoja.

6. Pima urefu. Jicho la mama ni kali kwa nyama na kwa maji, lakini kwa urefu linadanganyika, kwa kuwa watoto wa jirani nao ni wafupi. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2013–2014 ulikuta watoto 43 kati ya kila 100 wa chini ya miaka mitano nchini Kongo wamedumaa. Na mtoto aliyedumaa anaweza kuwa na mashavu mazuri tu. Tena chati yako inalinganisha uzito na urefu, si na umri: urefu ukibaki nyuma, kilo za kawaida zinaonekana nyingi. Kwa hiyo yule unayetaka kumpunguzia chakula huenda ndiye aliyekosa samaki, mayai na maharage tangu akiwa tumboni.

Mwambie mama hilo, naye atakusikiliza, kwa sababu hujamwambia apunguze kitu. Umemwambia kilichopungua. Hotuba ya unene, rudi nayo Goma. Ubao wa kupimia urefu uache kituo cha afya.