Bosi wa Genge Hana Jumapili

Sinema zimetudanganya sana kuhusu ujambazi. Zinamwonyesha bosi wa genge kakaa kwenye kiti cha ngozi, sigara mkononi, ananong'ona neno moja tu na mtaa mzima unatetemeka. Ukweli niliukuta kwenye gemu la zamani la kompyuta, Gangsters: Organized Crime, lililotoka mwaka 1998. Bosi wa genge ni afisa utumishi. Ana orodha za watu, malipo ya kila wiki, malalamiko, na wakili anayekula mshahara hata kama hajafungua faili.

Mchezo uko katika mji wa kubuni, New Temperance, katika Marekani ya miaka ya 1920, pombe ikiwa imepigwa marufuku nchi nzima. Marufuku hiyo, iliyoanza Januari 1920 na kufutwa Desemba 1933, ndiyo iliyowanenepesha kina Al Capone kule Chicago. Nawe unatakiwa unenepe: ufungue baa za magendo nyuma ya biashara halali, utoze wenye maduka hela ya ulinzi, umpe polisi kitu kidogo, uyamalize magenge yanayoshindana nawe. Ukiyasema kwa mdomo, ni kazi ya jioni moja.

Utaratibu wake ndio unaoua. Kwanza unapanga wiki nzima: nani aende wapi, amtishe nani, akusanye kwa nani. Kisha wiki inaanza, nawe unabaki kuwatazama vijana wako wakikata mitaa kwa mwendo wa mtoto aliyetumwa dukani na kuambiwa arudishe chenji yote.

Kila kijana ana sifa zake: bunduki, ngumi, vitisho, akili. Kwenye akili usitarajie mengi. Niliajiri jitu moja la miraba minne, nikalituma kwa kinyozi. Kinyozi akagoma kulipa. Lile jitu, na bastola yake mfukoni, likaondoka! Njiani likakutana na watu wa genge jingine, wakafyatuliana risasi mbele ya askari, likatiwa ndani. Hapo ndipo wakili wangu alipoamka.

Hesabu nazo ni adhabu ya peke yake. Capone mwenyewe hakufungwa kwa sababu ya maiti. Mwaka 1931 alihukumiwa miaka 11 kwa kukwepa kodi. Ndiyo maana mhasibu ana cheo chake kwenye genge, na mimi, ambaye risiti za nyumbani huwa nazitia kwenye droo na kuifunga kwa goti, nilijikuta usiku wa manane nauliza pesa za duka la maua zimekwenda wapi.

Shida ni kwamba nikicheza nazungumza. Jumamosi moja nilipaza sauti chumbani, "Muuza nyama asipolipa, lipua duka!" Sebuleni alikuwapo mama mkwe. Aliaga kabla chai haijachemka, na nasikia amebadilisha bucha.

Mke wangu akaja kunihoji. Kumbuka, huyu ni mweka hazina wa kikoba, na katika mtaa wetu hakuna mdaiwa anayempita bila kubadilisha upande wa barabara. Akaitazama skrini kimya.

"Baba Zuhura, huyu kinyozi hajalipa tangu lini?"

"Tangu mwezi uliopita."

"Mkamtuma nani?"

Nikamwonyesha lile jitu.

"Peke yake?" Akasonya, akavuta kiti. Kwenye kikoba chao, akaniambia, hakuna anayekwenda kudai peke yake, na msumbufu hatembelewi jioni, anatembelewa asubuhi, wateja wakiwapo. Akawapanga vijana wawili wawili. Akamfukuza mmoja aliyekuwa anakula mshahara kwa kusimama kona. Wiki ilipokwisha kinyozi alikuwa amelipa, na muuza nyama pia, bila baruti.

Nikaomba kipanya changu. Akanisogeza kwa kiwiko.

"Ngoja kwanza. Hawa polisi wenu," akauliza bila kuniangalia, "wanapewa kila Jumatatu au mwisho wa mwezi?"