Sifa za Namba Inayohama na Mkubwa

Wengine na wausifu mlima Nyiragongo. Mimi leo nasifu namba ya simu ya mkubwa wa ofisi huku kwetu Kivu Kaskazini, Kongo, katika teritwari za Masisi na Walikale, ile inayoingia naye kazini na kuondoka naye.

Kwa wenzetu mambo ni duni. Ofisi zao zina swichibodi, na kila meza ina namba yake ya ndani, tarakimu tatu au nne. Mkubwa akihamishwa anaacha kiti, meza na namba. Mrithi wake hajakaa sawasawa, simu inalia, na shida ya mwananchi inaendelea pale ilipokomea. Aibu iliyoje, mtu mzima kurithishwa hata kero za mwenzake!

Kosa hilo linasimuliwa kuwa lilianzia Lowell, Massachusetts, mwaka 1879. Surua ilipoingia mjini, daktari Moses Greeley Parker alihofia kwamba waunganishaji simu wakiugua, watakaoshika zamu hawatawajua wateja, kwani simu ziliunganishwa kwa majina. Akashauri kila mteja apewe namba. Yaani namba ilibuniwa ili mtu akiondoka, kazi ibaki. Surua hata sisi tunayo. Dawa hiyo tumeikataa.

Kwetu namba ni ya mtu. Imo kwenye kadi ya Airtel, Vodacom au Orange aliyoinunua mwenyewe na kuitilia inite kwa pesa yake. Mkubwa kamili anazo mbili au tatu, maana penye rezo ya huyu, ya yule haifiki.

Fadhila yake ya kwanza ni wepesi. Mei 2021, hali ya kuzingirwa ilipotangazwa, maafisa wa jeshi na polisi walishika nafasi za raia, na teritwari zikapata namba mpya bila fundi hata mmoja. Januari 2025 waasi wa M23 wakaishika Masisi-kati, kisha Goma, makao makuu ya mkoa. Serikali ya mkoa ikahamia Beni. Machi ikawa zamu ya Walikale-kati, waliyoiacha Aprili. Swichibodi gani ingeweza mbio hizo?

Ya pili, inafundisha jiografia. Walikale ina zaidi ya kilomita za mraba 23,000, kubwa kuliko teritwari zote za Kivu Kaskazini. Mama mwenye kesi ya shamba akiambiwa namba haipatikani, atapanda pikipiki, atashuka penye matope, atatembea, na atafika ofisini akiijua nchi yake kuliko waziri.

Ya tatu, inatakasa. Mkubwa mpya anaanza kazi safi kama mtoto mchanga: hajapigiwa, hajaahidi, hadaiwi jibu. Kesi inasimuliwa upya tangu babu, na pesa ya kinywaji inatolewa upya pia.

Basi, waheshimiwa, asije mtu akawashawishi kununua kadi moja, kuiandikisha kwa jina la ofisi, na kuikabidhi siku ya makabidhiano. Siku hiyo mnakabidhi muhuri, kwa hati na sahihi, na inatosha. Ndiyo maana ofisi zetu zinajua sana kugonga, na kuitika hazijui.