Sifa za Debe Linalovuma

Katika vyombo vyote vinavyotukanwa jijini Nakuru, hakuna kinachoonewa kama wufa ya buti, ile spika ya besi inayofungwa nyuma ya gari. Bodaboda hutukanwa, lakini angalau humfikisha mtu nyumbani. Vipaza sauti vya kesha hunung'unikiwa, lakini kwa kunong'ona, maana nani anataka kugombana na mbingu? Wufa haina wakili. Ikipita mtaa wa Section 58 saa nne za usiku, vioo vikatetemeka na mtoto akaamka, laana humfuata mwenye gari hadi Free Area, wala hakuna anayetulia kujiuliza swali lililo wazi: huyu bwana anafaidi nini? Nimeligeuza swali hilo huku na huku, na jibu ninaloliona ni moja. Hafaidi kitu. Anatoa. Wufa ya buti ni sadaka, tena ya aina adimu, kwa sababu hutolewa bila kuombwa, bila kutangazwa magazetini na bila mpokeaji kupata nafasi ya kukataa. Walaji wa sadaka hii wanalalamika kwa sababu moja tu: hawakufundishwa kupokea.

Ili kuupima ukarimu wa mtu ni vizuri kujua alikuwa na nini kabla ya kutoa. Gari lake lilitoka Japani, likiwa halijapita miaka 8 kama sheria ya Kenya inavyotaka kwa magari yaliyotumika, na redio yake bado ina moyo wa huko. Skrini inamwomba kwa Kijapani kadi ya ramani ambayo hataiona maishani. Masafa ya FM ya Japani yalianzia megahezi 76 yakaishia 90, nasi vituo vyetu vimejipanga kuanzia 87.5 hadi 108, kwa hiyo kabla fundi hajaongeza kile kidude cha kuteremsha masafa, gari zima husikia vituo viwili vitatu vilivyobanana pale mwishoni. Likishawekwa kidude hicho, mambo huwa sawa. Spika za kiwandani zenye upana wa sentimita 16 hivi, zikilishwa wati 15 au 20 za kweli kila moja, zinatosha kabisa kumletea Kameme au Kass FM, habari, mahubiri na matangazo ya mbolea. Mchoyo angekomea hapo. Redio ya kiwandani ni chombo cha mchoyo hasa: kila inachosema humwambia mwenyewe, vioo vikiwa vimefungwa, na anayevuka barabara hapati hata tone.

Mtu wetu hakomei hapo, na gharama ya moyo wake si ndogo. Redio hiyo haikuachiwa tundu la kuchomekea wufa. Aliyeiunda hakuwaza kwamba itafika siku jirani naye atahitaji kuhudumiwa. Inabidi fundi avue vifuniko vya milango ya nyuma, azitafute waya za spika, azichepushe, na kuipitisha sauti kwenye kiboksi kinachoipunguza nguvu hadi amplifaya iweze kuimeza. Kisha huvuta waya mwekundu mnene kutoka kwenye betri, akaupenyeza kwenye ukuta wa injini na chini ya zulia hadi nyuma. Fundi mwema huweka fyuzi karibu na betri. Yule mwingine humwachia Mungu. Wote wawili hukwangua rangi ya bodi mpaka chuma cheupe kionekane, ili waya wa kurudishia umeme ushike vizuri. Na yote haya ni kwa sababu sikio la binadamu ni bahili kwa sauti nzito: Fletcher na Munson walilipima Marekani mwaka 1933, wakaonyesha kwamba sauti ya chini huhitaji nguvu nyingi mno kuliko sauti ya kati ili zisikike sawa. Amplifaya ya wati 500 za kweli (si zile 2,000 zilizochapwa kwenye kibandiko) huvuta zaidi ya ampea 40 kutoka kwenye umeme wa volti 12. Ndiyo maana usiku, kila besi ikipiga, taa za mbele hufifia kidogo zikarudi, kama gari linaloinamisha kichwa kusalimia wazee.

Hapo ndipo mpinzani hunirushia methali: debe tupu haliachi kuvuma. Huitoa kama jiwe, akidhani nitalia. Namshukuru, kwa maana methali hiyo ni maelezo ya ufundi. Wufa ya inchi 12 haingurumi ikiwekwa wazi, kwani hewa inayosukumwa mbele na ile inayovutwa nyuma hukutana na kufutana. Lazima ifungiwe katika sanduku, na sanduku hilo lazima liwe na nafasi ya hewa ndani, kwa kawaida lita 28 hivi likiwa la kuzibwa pande zote. Debe letu la mafuta ya kupikia huingia lita 20. Kwa hiyo wufa inataka karibu debe tupu moja na nusu, na seremala anayepima mbao za sanduku hilo anafanya hesabu ambayo wahenga waliifikia bila kikokotoo. Walichokosea ni kudhani kwamba utupu ni aibu. Sanduku lingejazwa kitu, lingenyamaza. Na watu waliojaa, kama tujuavyo, hawampi mtu chochote.

Tazama tena jinsi zawadi yenyewe inavyogawanywa. Sauti nyembamba za wimbo, yaani maneno, gitaa la juu na kayamba, huzuiwa na vioo na mabati ya gari zikabaki ndani. Sauti nzito haizuiliki. Wimbi la hezi 40 lina urefu wa mita 8 na nusu, kupita kidogo Probox mbili zilizofuatana, na kitu chenye mwili huo hakitambui mlango wala pazia. Basi mwenye gari hubaki na maneno, ambayo mara nyingi ni ya mwanamume anayemlilia mwanamke aliyeondoka na sababu nzuri, na sisi wengine hupewa msingi. Nani aliwahi kujenga nyumba, akabaki na rangi ya dari, akawapa majirani msingi? Najua fundi yeyote atanikosoa hapa: chumba kidogo kama cha gari huzidisha besi, kwa hiyo mwenyewe huipata kwa wingi kuliko sisi. Ni kweli, huipata. Lakini huilipia kwa masikio. Wataalamu wa afya kazini huweka mpaka kwenye desibeli 85 kwa saa 8, na kila desibeli 3 zikiongezeka hukata muda huo nusu. Mtu anayekaa juu ya mpaka huo kila siku huanza kupoteza sauti za juu, zile za konsonanti kama s na f, na za mkewe akimwita kutoka chumba cha pili. Pole pole ataongeza sauti, sisi tutapata zaidi naye atapata pungufu. Kama huko si kujinyima, neno hilo lifutwe kwenye kamusi.

Wapo pia wanaosema kwamba mngurumo huu ni wa kuja, ni ujinga wa vijana wa Nairobi uliopanda barabara kuu pamoja na matatu zilizochorwa chorwa. Wanaosema hivyo hawaijui ardhi wanayoikalia. Tarehe 6 Januari 1928, huko Subukia, mwendo mfupi tu kutoka mjini, lilipiga tetemeko la kipimo cha 6.9, kubwa kuliko yote yaliyorekodiwa nchini Kenya. Menengai inayotazama mji kutoka kaskazini ni mlima wa moto uliobomoka katikati, ukaacha bakuli lenye upana wa kilomita nyingi ambalo hata leo linatoa mvuke. Bonde la Ufa ni nchi iliyopasuka, na bado inaendelea kupasuka, taratibu. Mtu aliyekuja kukaa juu ya ufa wa dunia kisha akalalamika kwamba sakafu inatetemeka, huyo alipaswa kununua shamba mahali pengine.

Hoja ya wanyama ina nguvu zaidi. Katika miaka ya 1980, watafiti Katy Payne na Joyce Poole waliwasikiliza ndovu wa Amboseli kwa vinasa sauti, wakagundua kwamba wanyama hao huitana kwa sauti nzito inayoshuka hadi hezi 14, chini ya uwezo wa sikio letu, na kwamba miito hiyo husafiri kilomita kadhaa. Ndovu dume akipandwa na ashiki ana mngurumo wake maalumu wa kuwajulisha majike kwamba yupo na wa kuwaonya madume wengine wakae mbali. Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Nakuru ina vifaru, simba, twiga na nyati, ila haina hata ndovu mmoja. Nafasi ya kazi imekuwa wazi muda wote. Nani ameijaza, jioni za Ijumaa, akizunguka Kenyatta Avenue polepole? Kuhusu yale mengine ambayo ndovu na kijana wa Subaru wanafanana, sitasema.

Sasa sheria. Kanuni za kudhibiti kelele na mitetemo za mwaka 2009, zinazosimamiwa na mamlaka ya mazingira, NEMA, zinakataza kelele yoyote inayosumbua starehe na mapumziko ya watu, na zimeweka viwango: nje ya nyumba katika mtaa wa makazi, desibeli 50 mchana na 35 usiku. Waziri wa mazingira wakati huo alikuwa John Michuki, yule yule ambaye akiwa waziri wa uchukuzi alizifunga matatu mikanda, vidhibiti mwendo na mstari wa manjano mwaka 2004. Mtu angedhani wufa imekwisha. Lakini viwango hivyo hupimwa kwa mizani ya desibeli A, iliyotengenezwa kuiga ubahili wa sikio, na mizani hiyo kwenye hezi 40 hukata karibu desibeli 35 nzima. Kwa hesabu hiyo, mngurumo mtupu wa desibeli 70 husomeka 35 kwenye kipimo, sawasawa na ruhusa ya usiku. Afisa atasimama kando ya barabara, miguu ikitetemeka ndani ya buti zake, na mashine mkononi ikimwambia kumenyamaza. Sidai kwamba hili linamwokoa mwenye gari mahakamani. Katazo la jumla halihitaji mashine, na hakimu ana masikio na dirisha kama mtu mwingine. Ninachodai ni kwamba sadaka ya kweli hutolewa kwa siri, na hii ni ya siri kiasi cha kukihadaa chombo cha serikali.

Methali ya pili ni ngumu kidogo: ngoma ivumayo haidumu. Siikatai. Utepe unaoizunguka wufa huchanika, koili huungua, sanduku hulegea gundi kwa mitikisiko ya barabara za Njoro, na betri iliyokuwa idumu miaka 3 hufa katika mwaka wa pili. Lakini anayeitaja methali hii huitaja kama lawama, ilhali yeye ndiye wa kwanza kufaidika nayo. Kama mngurumo unakukera, basi wahenga wamekuahidi kwamba utakoma. Ni adui gani mwingine mwenye tabia nzuri kiasi hicho? Tanuri la takataka la jirani halina methali ya kuliua.

Limebaki suala la mizigo, na hapa nakiri kwamba hoja yangu inachechemea. Sanduku la wufa hula buti. Mtu akienda Molo kumsalimia mama mkwe, na mama mkwe akatoka nyuma ya nyumba na gunia la viazi, kabeji kumi na jogoo aliyefungwa miguu, itabidi buti lifunguliwe, na wote watatazama lile sanduku lililovikwa zulia la kijivu kana kwamba kuna maiti. Viazi vitabaki. Ndiyo kusema mwenye wufa ameepuka kugeuzwa lori la ukoo, jambo ambalo nilisema hapo mwanzo kwamba halipo: faida. Ila faida hiyo humgharimu heshima ya ukweni, na sidhani kuna mhasibu atakayeiandika upande wa mapato.

Hata akiliuza gari, kutoa hakukomi. Desturi ni kuing'oa wufa kwanza, kwa sababu mnunuzi haongezi shilingi kwa ajili yake, kisha kulifagia buti na kupiga picha. Mmiliki mpya hulifungua siku ya kwanza akiwa na vitu vya sokoni, akakuta kwenye zulia mraba ambao rangi yake haijafifia, na pembeni yake waya mwekundu mnene unaotoka mahali asipopajua, ncha imezungushiwa utepe mweusi. Anauvuta kidogo. Upande wa pili bado umeungwa kwenye betri.